Kuchagua mbegu hai za kiume kwa ajili ya IUI, IVF na ICSI: mwongozo kwa anayeanza maabara

Mtu mpya akiingia katika maabara ya uzazi, hazipiti siku nyingi kabla hajaniita kwenye hadubini na kuuliza: "Hapa sioni hata mbegu moja inayotembea. Niandike zote zimekufa?" Wiki hiyohiyo atauliza kwa nini amepoteza mbegu zote kwenye mashine ya kuzungusha wakati sampuli ilikuwa nzuri, na kama ni lazima kuzungusha manii kabla ya kuogelesha mbegu, yaani kuziacha zipande zenyewe hadi kwenye midia (majimaji ya kuoshea). Nimeyajibu haya kwa mdomo miaka mingi, na jibu la haraka la mdomo husahaulika. Nimeona heri niyaandike, maana nje ya mlango kuna watu wawili wanaosubiri, na pengine sampuli iliyo mkononi mwako ndiyo pekee watakayoweza kuipata.

Shika jambo moja tangu sasa: kutotembea si kufa. Mbegu inaweza kulala tuli na bado ikawa hai, na ikifikishwa ndani ya yai ikalirutubisha. Kinyume chake pia ni kweli: sampuli iliyokuja ikichangamka inaweza kufia mikononi mwako kwa haraka, kwa baridi au kwa mzunguko mkali.

Hapa chini "manii" ni majimaji yote aliyotoa mteja, na "mbegu" ni zile chembe zenye kichwa na mkia. IUI ni kuweka mbegu zilizooshwa ndani ya mji wa mimba, IVF ni kuzikutanisha mbegu na yai nje ya mwili, na ICSI ni kuchoma mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Vipimo vingi nilivyoweka vinafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima manii, toleo la sita la mwaka 2021. Utaratibu ulioandikwa wa maabara yako ukitofautiana na wangu, fuata wa maabara na umuulize msimamizi wako sababu.

Andaa haya kabla hujagusa sampuli

- Glavu, koti la maabara na kabati la hewa safi. Kila sampuli ichukulie kuwa ina maambukizi, hata kama majibu ya damu ya mteja ni safi.
- Midia ya kuoshea mbegu yenye protini ya albumini, iliyokwisha kupashwa moto hadi nyuzi 37.
- Maji ya tabaka, yaani maji mazito yanayopangwa moja juu ya jingine ili kuzitenga mbegu nzuri na uchafu: la asilimia 80 na la asilimia 40. Yawe ya silika iliyopakwa silane. Percoll, aina ya zamani ya maji haya, iliondolewa kwenye matumizi ya tiba ya binadamu mwaka 1996, kwa hiyo ukiikuta kwenye maandishi ya zamani usiifuate.
- Mirija yenye ncha chini, pipeti za kutumika mara moja, slaidi na chumba cha kuhesabia.
- Rangi ya eosini na nigrosini kwa kupima uhai.
- Maji safi ya maabara yasiyo na vijidudu. Utayahitaji kuzimua midia katika hatua ya 9.
- Mashine ya kuzungusha ambayo unajua rediasi yake (umbali kutoka katikati ya mashine hadi ncha ya mrija) kwa sentimita. Kama hujui, ipime leo.
- Mtu wa pili wa kushuhudia majina. Asipokuwepo, subiri.

Kuhusu midia, soma lebo yake. Iliyotiwa HEPES (kemikali ya kutuliza asidi) hukaa kwenye hewa ya kawaida na kifuniko hufungwa kabisa. Inayotegemea bikaboneti inahitaji inkubeta yenye kabonidayoksaidi, na kifuniko hulegezwa ili gesi iingie. Ukizibadilisha, asidi itavurugika na mbegu zitazubaa bila wewe kujua chanzo.

Hatua zenyewe

1. Pokea sampuli kwa kuuliza maswali. Mwache mteja ataje jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa mwenyewe. Usimsomee wewe akaitikia tu. Linganisha na chombo, pamoja na shahidi. Muulize amekaa siku ngapi bila kutoa manii (zinazotakiwa ni 2 hadi 7), ametoa saa ngapi, na kama kuna sehemu iliyomwagika. Uliza swali hili la mwisho kwa upole, kwa sababu wengi huona aibu kusema, na mara nyingi kilichomwagika ni lile tone la kwanza lenye mbegu nyingi kuliko yote. Uliza pia kama alitumia mafuta ya kulainisha au kondomu ya kawaida, maana vyote viwili huweza kuziua mbegu.

Mezani iwepo sampuli moja tu kwa wakati. Hii haina mjadala hata siku ya foleni ndefu.

2. Acha manii yalainike. Yaweke kwenye nyuzi 37. Kwa kawaida hulainika ndani ya dakika 15 hadi 30, na mara chache hufika 60. Usianze kazi yakiwa bado na mabonge, lakini usiyasahau pia, kwani mbegu zikikaa muda mrefu ndani ya manii huzidi kudhoofika. Jiwekee lengo la kuanza kuziosha kabla saa moja haijapita tangu zitolewe.

3. Tazama kabla ya kuamua lolote. Pima ujazo, hesabu mbegu, angalia mwendo, na angalia kama kuna seli nyeupe za damu au mbegu zilizoshikana. Mipaka ya chini ambayo mwongozo wa 2021 unaitaja ni hii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea kwa namna yoyote asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Mipaka hiyo ilipatikana kwa wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Mtu aliye chini yake si tasa kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo usimwambie mteja hivyo.

4. Pima uhai ikiwa zinazotembea ni chini ya asilimia 40. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo jibu la lile swali la kwanza lilipo. Chukua tone dogo la manii, changanya na rangi kwenye slaidi, kisha hesabu mbegu 200. Iliyokufa ina utando uliotoboka, rangi huingia na kichwa huwa chekundu au waridi. Iliyo hai huizuia rangi ibaki nje, na kichwa hubaki cheupe.

Hesabu yako ina njia ya kujikagua: zilizo hai haziwezi kuwa chache kuliko zinazotembea. Ukipata asilimia 35 zinatembea na asilimia 20 ziko hai, umekosea mahali, rudia.

Sasa soma maana yake. Zisizotembea nyingi zikiwa hai, tatizo huenda liko kwenye muundo wa mkia, na ICSI ina kitu cha kufanyia kazi. Nyingi zikiwa zimekufa, mwambie daktari mapema, kwa sababu huenda akapendelea kutafuta mbegu kwenye korodani, ambako hazijapita safari ndefu ya mirija. Majibu haya mawili yanafanana ukiangalia mwendo peke yake, na tiba zake zinaachana kabisa.

*Onyo:* mbegu iliyoguswa na rangi hairudi kwenye tiba kamwe. Tone la rangi likae kwenye slaidi yake, mbali na mrija.

5. Chagua njia ya kuziosha. Sampuli nzuri yenye mbegu nyingi zinazosonga, ziogeleshe. Yenye mbegu chache, yenye uchafu au seli nyeupe nyingi, tumia tabaka, kwa kuwa hukupa mbegu nyingi zaidi kuliko kuogelesha. Isiyo na mwendo kabisa usijaribu kuiogelesha: hakuna itakayopanda.

6. Kuogelesha. Weka mililita 1 ya manii kwenye mrija. Juu yake mimina taratibu mililita 1.2 ya midia ya moto, ikiteleza ukutani mwa mrija ili majimaji mawili yasichanganyike. Inamisha mrija kiasi cha nyuzi 45 ili uso wa kukutana uwe mpana, uache kwenye nyuzi 37 kwa saa moja. Kisha inua mrija polepole usimame wima, halafu vuta mililita 1 ya juu kabisa. Hizo ndizo zilizopanda zenyewe. Ongeza midia mililita 1.5 hadi 2, zungusha kwa g 300 hadi 500 (g ni kipimo cha nguvu ya mzunguko, hesabu yake iko hatua ya 7) kwa dakika 5, toa maji ya juu uyatunze, kisha koroga mashapo kwenye nusu mililita ya midia.

Na hapana, usizungushe manii mabichi kwanza ndipo uogeleshe. Ukifanya hivyo unazibana mbegu nzuri pamoja na zilizokufa na seli nyeupe kwenye tonge moja, na humo oksijeni kali inayotolewa huharibu utando wa zile nzuri.

7. Tabaka. Tia mililita 1 ya asilimia 80 chini ya mrija, mililita 1 ya asilimia 40 juu yake, kisha mililita 1 ya manii juu kabisa. Ukiangalia kwa pembeni unatakiwa kuona mistari miwili iliyo wazi. Kama huioni, umezichanganya. Anza mrija mwingine. Manii yakiwa mengi, gawa kwenye mirija miwili au mitatu, usirundike kwenye mmoja.

Zungusha kwa g 300 hadi 400 kwa dakika 15 hadi 30. Ondoa manii na tabaka kuanzia juu, *badilisha pipeti*, halafu chukua mashapo ya chini. Ukitumia pipeti ileile unarudisha chini uchafu uliotumia nusu saa kuutenga. Osha mashapo kwa mililita 5 za midia, g 200, dakika 4 hadi 10, na urudie mara moja tena.

Niseme kidogo juu ya g, kwa sababu ndiyo chanzo kikubwa cha mashapo matupu. Mizunguko kwa dakika haisemi lolote mpaka ujue rediasi. Hesabu ni hii: 0.00001118 mara rediasi kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Mashine yenye rediasi ya sentimita 16 ikizunguka mara 1,500 inatoa takriban g 402. Yenye rediasi ya sentimita 10, kwa mizunguko ileile, inatoa g 252 tu, na mbegu nyingi zitabaki zinaelea katikati ya tabaka. Namba uliyonakili kutoka maabara nyingine si yako. Andika ya kwako kwenye karatasi, ibandike juu ya mashine.

8. Hesabu tena, kisha peleka panapohusika. Kwa IUI, mbegu zilizooshwa huwa ndani ya mililita 0.3 hadi 0.5. Kwa IVF ya kawaida, maabara nyingi huweka takriban mbegu 100,000 zinazosonga kwa kila mililita inayozunguka yai. Kilichobaki kitunze kwenye joto na gesi inayofaa midia yako, na usikitupe hadi kesho yake urutubishaji uthibitishwe.

Kama ni ICSI na mbegu zinatembea, weka kiasi kidogo katikati ya tone refu na uziache ziende. Zenye nguvu hukusanyika ukingoni. Chagua inayosonga moja kwa moja, kichwa cha duaradufu cha takriban mikromita 4 kwa 3, kisicho na matundu makubwa, shingo iliyonyooka, mkia mmoja usiojikunja. Ihamishie kwenye tone la PVP, majimaji mazito yanayopunguza mwendo wake, ilaze, kisha ukande mkia kwa sindano ya kioo chini kidogo ya shingo mpaka isimame. Usiguse kichwa.

Mara nyingi naulizwa kuhusu vyombo vya kisasa: sahani za hayaluronani (kitu cha asili kinachozunguka yai, ambacho mbegu zilizokomaa hujishika nacho), hadubini za kukuza zaidi ya mara 6,000, vichujio vya mifereji midogo. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 lilipima kuchagua mbegu kwa hayaluronani na halikuona ongezeko la maana la watoto waliozaliwa hai. Kwa anayeanza, jicho lililozoea na mkono mtulivu vina thamani kubwa kuliko sahani ya gharama.

9. Mbegu zisizotembea: itafute iliyo hai. Hapa usikimbie. Rangi huwezi kuitumia, kwa hiyo tunategemea tabia za mbegu yenyewe. Fuata mpangilio huu, kuanzia lisilo na madhara.

*a) Muda.* Sampuli iliyotoka korodanini mara nyingi haitembei mwanzoni. Ichambue, ioshe, iweke inkubeta, urudi baada ya saa kadhaa. Mkia mmoja ukitikisika tu, umeshapata jibu.

*b) Mguso.* Kwa ncha ya sindano sukuma mkia pembeni. Mkia ukipinda na kurudi bila kichwa kufuata, huenda mbegu ni hai. Mkia na kichwa vikigeuka pamoja kama kijiti kikavu, iache. Mbinu hii haigharimu kitu na haimwagi chochote, ila inahitaji mazoezi. Anza na sampuli za mazoezi zilizoruhusiwa kwa kazi hiyo, siyo za mteja.

*c) Kuvimba kwa mkia.* Zimua midia kwa maji safi, nusu kwa nusu. Weka tone moja la hiyo kwenye sahani, na pembeni yake matone matatu ya midia ya kawaida, yote chini ya mafuta. Tangulia kuchagua mbegu zenye kichwa kizuri na mkia ulionyooka, ndizo uzipeleke kwenye tone lililozimuliwa. Iliyo hai hupitisha maji ndani, na ncha ya mkia hujikunja mbele ya macho yako. Iliyokufa haibadiliki. Ukiona mkunjo, ihamishe mara moja kwenye tone la kwanza la kawaida, kisha la pili, kisha la tatu. Isikae kwenye maji mepesi zaidi ya dakika 5. Kosa la kawaida ni kumimina mbegu nyingi kwa pamoja: ukimaliza kuangalia ya kumi, ya kwanza imeshaharibika. Peleka chache chache.

Onyo lingine: mbegu iliyokuwa na mkia uliojikunja kabla ya jaribio haikupi habari yoyote. Na zilizogandishwa kisha zikayeyushwa huweza kuvimba zenyewe, kwa hiyo kwa hizo mimi huamini mguso au leza kuliko maji.

*d) Leza.* Ukiwa nayo, piga mara moja kwenye ncha kabisa ya mkia. Ya hai hujikunja, ya mfu hubaki kama ilivyo.

*e) Pentoksifilini.* Dawa hii huamsha mwendo kwa baadhi ya mbegu hai, hasa za korodani. Itumie tu kama maabara yako imeiidhinisha, kwa kipimo kilichoandikwa, na uioshe vizuri kabla mbegu haijafika kwenye yai.

Ukishaipata iliyo hai, bado uukande mkia wake kabla ya kuichoma ndani ya yai. Wapya wengi huniambia, "Si haitembei tayari, nikande ya nini?" Lengo si kuisimamisha tu. Utando ukipasuka, vitu vinavyoliamsha yai hupata njia ya kutoka. Ukiruka hatua hii, yai linaweza kukaa na mbegu ndani bila kuanza kugawanyika.

Ukikwama

*Manii hayalainiki baada ya saa moja.* Ongeza midia ya kiasi kilekile cha manii, vuta na kutoa polepole kwa pipeti yenye mdomo mpana. Usitumie sindano nyembamba kwa nguvu.

*Mashapo hayaonekani.* Usimwage chochote. Vuta matone ya chini kabisa ya mrija uangalie kwa hadubini. Mbegu chache hazitengenezi mashapo ya kuonekana kwa macho. Kisha kagua g na muda, na uzungushe upya maji uliyoyatunza.

*Zilitembea vizuri kabla ya kuoshwa, sasa zimezubaa.* Pima joto la midia kwanza. Baridi ndiyo mshukiwa wa kawaida: zipashe dakika 10 uone. Zisipoamka, angalia kama uliweka midia sahihi kwenye gesi sahihi, kisha angalia namba ya toleo la mirija na pipeti mpya. Plastiki yenye sumu ipo, na utaigundua kwa kuweka sampuli ileile kwenye vyombo vya zamani na vipya na kulinganisha mwendo kesho yake.

*Zinashikana vichwa kwa vichwa au mikia kwa mikia.* Andika kwenye ripoti. Tumia tabaka, na usijaribu kuzitenganisha kwa kukoroga kwa nguvu.

*Vichwa vyote ni vya mviringo, vidogo.* Mwite msimamizi kabla ya kuendelea. Mbegu za namna hii hukosa kofia ya mbele, na mara nyingi yai huhitaji kuamshwa kwa kalsiamu baada ya ICSI. Uamuzi huo hufanywa na daktari pamoja na wenzi.

*Hakuna hata moja iliyo hai, na mayai yameshatolewa.* Zungusha tena maji yote ya juu uliyoyatunza, na utafute tone kwa tone, watu wawili wakipokezana kila nusu saa ili macho yasichoke. Muulize mteja, kupitia daktari, kama anaweza kutoa sampuli ya pili; mara nyingi ya pili siku hiyohiyo huwa na mbegu hai zaidi, kwa kuwa hazikukaa muda mrefu zikisubiri. Angalia kama kuna akiba iliyogandishwa. Bila hivyo, daktari ataamua kati ya kutafuta korodanini na kugandisha mayai. Mpe taarifa mara tu unapoanza kuwa na shaka, ili apate muda wa kuzungumza na wenzi hao wakiwa wawili, kabla mayai hayajapitwa na wakati.